Niliipumzisha kebo ya seva siku ya ibada, sasa binti wa watu anafukuzwa kazi

Mpendwa mshauri Dada Visalakshi,

Naomba msaada, na ujue kwamba maneno hayo mawili sijawahi kuyaandika tangu nizaliwe, kwa sababu mimi ndiye mtu ambaye watu wa Madurai humwendea wakiomba msaada, uliza mtaa wowote kuanzia soko la maua hadi stendi kuu ya mabasi, sema tu "yule Mjomba wa mashine" na hata mbwa watakuonyesha njia ya kwangu. Nina miaka hamsini na mbili, shule niliiachia darasa la saba baada ya mwalimu kuanza kuniuliza maswali ambayo majibu yake hata yeye hakuwa nayo, nikaingia kiwanda cha nyuzi, na huko, Dada, niliwahi kuisikia mashine ya kusokota ikikohoa wakati mimi niko nyumbani naoga, kilomita tatu kutoka kiwandani, nikakimbia na povu kichwani nikaizima kabla haijashika moto, na meneja alilia machozi. Mke wangu Pechiammal husema ni kilomita moja na kwamba meneja alilia kwa sababu ya nilivyokuja nimevaa, lakini mke wangu hakuwepo.

Sasa ni mwaka wa kumi na sita natunza chumba cha mashine katika kampuni inayowashikia watu kumbi za harusi kwa simu. Kumbi ziko arobaini na tatu, baba wa bibi harusi anafungua simu, anachagua ukumbi, anachagua siku, anabonyeza, basi, ukumbi ni wake. Kwenye chumba hicho kuna seva mbili, moja tunaiita Mkubwa na nyingine Mdogo, na aliyezipanga vile zilivyo ni binti mmoja mhandisi anaitwa Selvi, mtoto wa watu wa Theni, ana adabu, hunyanyuka kitini nikiingia. Mimi huko nje nimewaambia watu kwamba nilizipanga mimi. Hilo nalo nitalifikia.

Nikueleze zinavyofanya kazi, maana hata wasomi nimewaeleza wakaelewa. Simu zote za mjini zinaijua anwani moja tu, kama nyumba yenye namba moja mlangoni. Anwani hiyo anaishika Mkubwa. Kati ya Mkubwa na Mdogo kuna kebo moja fupi, ya bluu, haizidi urefu wa mkono, na kwenye kebo hiyo Mkubwa humwambia Mdogo kila sekunde, "Nipo. Nipo. Nipo," na humsomea pia kila ukumbi ulioshikwa ili daftari zao zilingane. Zikipita sekunde tatu Mdogo hajasikia "nipo", anajua kaka yake amekufa, hapohapo anaivaa ile anwani yeye mwenyewe, anaupigia mtandao wote kelele, "Wageni waleteni huku!" na kazi inaendelea. Hakuna haja ya kumpigia mtu simu wala kumwamsha. Siku Selvi alipoionyesha, mwajiri wetu Bwana Chokalingam alikuwa na simu mkononi anajaribu kushika ukumbi, Selvi akachomoa umeme wa Mkubwa mbele ya macho yake, na simu ya Bwana haikutikisika hata kidogo, ukumbi ukashikika. Bwana Chokalingam akasema, "Lo! Mtu amekufa na harusi inaendelea!" Mimi nikapiga makofi, na jioni yake nikamwambia mkwe wangu kwamba nimeifundisha mashine kufa na kufufuka.

Haya, sasa dhambi.

Miezi mitatu iliyopita Selvi alimwomba Bwana Chokalingam mashine ya tatu, ndogo tu kama sanduku la tambuu, ya kuwa shahidi. Alisema, "Bwana, Mdogo asipomsikia Mkubwa, ama Mkubwa amekufa, ama ni kebo tu imekatika. Kwa kebo moja hawezi kutofautisha. Akiwepo shahidi, atamuuliza kwanza kabla ya kuichukua anwani." Bwana akanigeukia mimi, mbele ya ofisi nzima, "Mjomba, wewe unaonaje?" Dada, mtu akikuuliza mbele ya ofisi nzima utafanyaje? Nikasema, "Shahidi wa nini? Shahidi mimi hapa natosha. Akifa mtu nitamwona." Wakacheka, Bwana akafurahi, na mashine ya tatu haikununuliwa. Selvi hakununa, alichofanya ni kuiweka namba yangu iwe ndiyo inayopigiwa kengele mashine zikibadilishana, akaniambia, "Basi Mjomba, ukiwa wewe ndiye shahidi, simu yako ikilia mara mbili nipigie hapohapo."

Ikaja Ayudha Puja. Wewe unajua, hakuna chombo kinachofanya kazi siku hiyo, kuanzia cherehani hadi jembe, vyote vinaoshwa, vinapakwa liwa na nukta nyekundu, vinapumzika mbele ya picha ya mungu wetu wa elimu, Saraswati, hadi kesho yake. Selvi alikuwa ameomba ruhusa kwenda kwao. Ofisi ikaniachia mimi ibada, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao na mkono wangu una baraka, boga la kufukuza kijicho nililolipasua mwaka juzi mlangoni kipande chake kimoja kiliruka hadi kituo cha polisi. Nikazifuta mashine, nikazipaka liwa, nikazivika koja moja la maua ya manjano zote mbili. Bisibisi yangu, koleo langu, funguo zangu, nikavipanga juu ya jani la mgomba mbele ya picha. Simu yangu nayo ni chombo cha kazi, nikaiweka hapo, nikaipaka manjano hadi kwenye kioo. Kisha nikazitazama zile seva, moyo ukanisuta. Kuzizima siwezi, watu wanashika kumbi. Lakini ile kebo ya bluu, Dada, maskini ile kebo, mwaka mzima inasema "nipo, nipo, nipo", usiku na mchana, hakuna aliyewahi kuiambia pole. Tena lile koja lilikuwa linaikwaruza. Nikaichomoa taratibu, nikaikunja vizuri, nikaiweka kwenye jani katikati ya koleo na bisibisi, nikaipaka nukta nyekundu. Nikaangalia seva: taa za kijani, kulia na kushoto. Nikasema, ona, zimeshukuru.

Unaona kilichotokea? Mimi sikukiona. Mdogo aliposikia kimya alijua kaka yake amekufa, akaivaa anwani. Mkubwa naye hajafa, anwani hajaivua. Wakawa wawili, kila mmoja anaita wageni, mabwana harusi wawili kwa koja moja. Simu nyingine zikaingia kwa huyu, nyingine kwa yule, na kila mmoja akiandika daftari lake bila kumsomea mwenzake. Simu yangu ililia mara mbili, hiyo najua sasa, ililia pale juu ya jani, na mimi nilikuwa nyumbani nakula vada, maandazi ya dengu.

Na kesho yake ni siku gani? Ndiyo siku ya heri kuliko zote za kuanza jambo, kila baba mwenye binti anangoja alfajiri hiyo ashike ukumbi. Hadi nilipokuja kuirudisha kebo mahali pake, saa nne kasoro robo asubuhi, nimeoga, nimepaka majivu kipaji cha uso, kumbi kumi na moja zilikuwa zimeshikwa na watu wawili wawili, siku moja, saa moja.

Mchana wakaja ofisini mzee Veerapandi muuza asumini na mzee Nachiappan wa duka la vyombo vya shaba, kila mmoja na simu yake imeandikwa "Ukumbi ni wako".

"Huu ukumbi nimeshika kabla jogoo hajawika," akasema Veerapandi.

"Jogoo wako huchelewa kama maua yako," akajibu Nachiappan.

"Nenda kamwozeshe binti yako ndani ya sufuria, unazo nyingi!"

"Na wewe wa kwako mfunge kwenye uzi pamoja na asumini!"

Selvi alikuwa ameshuka kwenye basi la Theni saa hiyohiyo, mfuko wa safari bado begani, akawaketisha, akawapa kahawa, na kwa siku nne mfululizo alipiga simu hadi sauti ikamkauka, akabadilisha siku huyu, akampa yule ukumbi mpana zaidi, wote ishirini na wawili wakatulia. Hao wazee wawili wanasalimiana sasa, mmoja atanunua maua kwa mwenzake na mwenzake sufuria.

Lakini Bwana Chokalingam hakutulia. Akatuita sote. "Selvi, mashine yako ilikuwa haifi. Imekuwaje ikawa mbili?"

Selvi akasema, "Bwana, kumbukumbu za mashine zinaonyesha kebo ilitoka Jumatano saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, ikarudi Alhamisi saa nne kasoro robo asubuhi. Nilipoikagua niliikuta mahali pake, nzima."

"Kwa hiyo kebo ilikwenda likizo?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa hofu, kwa sababu kweli ilikuwa imekwenda likizo. Kisha mdomo wangu, Dada, mdomo huu nilioulea mwenyewe, ukasema, "Panya."

"Panya?"

"Nilimwona kwa macho yangu. Mkubwa kama nazi. Mkia kama kebo yenyewe."

"Akaichomoa kebo, halafu kesho yake akairudisha?"

"Bwana," nikasema, "panya wa Madurai ana haya."

Nilidhani namwokoa Selvi. Bwana Chokalingam akafikiri, akasema, "Sawa. Kama chumba kina panya na mhandisi wetu ametegemea kebo moja iliyokaa wazi, basi kosa ni la mhandisi." Akampa hadi Ijumaa hii saa nne asubuhi alete maelezo ya kumridhisha, la sivyo aende zake. Pia akaleta mitego sita na paka. Paka amegundua kwamba juu ya Mkubwa kuna joto, analala hapo kutwa.

Jana wakati wa kula Selvi alinigawia vada za mama yake akaniambia, "Mjomba, wewe peke yako ndiye uliyefungua mdomo kunitetea. Huyo panya wako ameniponza, lakini najua ulitaka kunisaidia." Vada za mama yake ni laini kama wingu, Dada, na ile moja imenikaa kooni hadi leo.

Nimemwambia Pechiammal yote. Amesema, "Miaka ishirini na saba nakuomba unyamaze hunyamazi, leo ndiyo umepata ububu?" Akanipa mgongo.

Nikisema, mkwe wangu atajua kwamba sikuzifundisha mashine chochote, ofisi itajua panya hayupo, na miaka kumi na sita ya jina langu inakwenda na maji. Nisiposema, Ijumaa Selvi anabeba mfuko wake anarudi Theni. Nimefikiria njia ya tatu, nitafute panya mkubwa wa kweli sokoni nimwachie mle chumbani. Nishauri haraka, leo ni siku ya kumi na moja tangu kebo ipumzike.

Ni mimi, jina nalificha, ingawa wengi watanitambua kwa uhodari,
Mjomba wa Mashine, Madurai.

*

Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Mara ya pili nikajikuta natafuta kiatu changu, na bahati yako unakaa mbali. Nimeipitisha mbele ya barua zote zilizonifikia wiki hii, kwa sababu hizo nyingine ni za wachumba, na wachumba wanaweza kungoja. Ijumaa haingoji.

Nianze na pole, maana baadaye sitakuwa nayo. Kuipumzisha kebo halikuwa kosa la mtu mbaya. Mimi nami mwaka huu niliweka miwani yangu mbele ya Saraswati, kisha nikapanda basi la Dindigul nikidhani naenda hekaluni. Mtu anayeiambia kebo pole ana moyo mzuri, na Pechiammal hakukosea kuolewa nawe. Ungeishia hapo, ningekwambia tu ununue vada uwapelekee wenzako wacheke, basi.

Lakini hukuishia hapo. Binti aliulizwa mbele za watu swali ambalo jibu lake lilikuwa mfukoni mwako, na wewe ukatoa panya. Usiniambie ulikuwa unamwokoa. Mtu anayemwokoa mwenzake humvuta ufukweni, wewe ulimwongezea jiwe. Tena ukapokea shukrani zake na vada juu.

Mimi seva sizijui, nimezijua leo kwa barua yako, na nakiri umezieleza vizuri. Kumbe ukitaka unaweza kusema kweli kurasa nzima. Sasa yasome tena maneno yako mwenyewe. Mwenye anwani husema "nipo" kila sekunde. Akinyamaza, mzigo hauanguki chini, unahamia kwa mwenzake papo hapo, na watu wa nje hawajui kama umehama. Wewe umenyamaza siku kumi na tatu kufikia leo. Lawama ilikuja mlangoni kwako, ikasikiliza, ikakuta kimya, ikahamia kwa Selvi. Hakuna aliyempelekea. Yeye ndiye aliyekuwa jirani na aliyekuwa hai.

Kuhusu jina lako. Unaogopa jina la miaka kumi na sita litakwenda na maji. Jina lipi? La mtu aliyeifundisha mashine kufufuka halijawahi kuwa lako, umeliazima kwa Selvi bila kumwambia, na ukilirudisha hujapungukiwa na kitu. Lako ni la yule aliyekimbia na povu kichwani kwenda kuokoa mashine ya watu. Iwe kilomita tatu au moja, alikimbia. Huyo ndiye ninayezungumza naye sasa, na namwambia akimbie tena.

Leo hii, kabla hujala, nenda kwa Selvi. Usianzie kiwanda cha nyuzi. Usianzie popote. Sema hivi, na nimekuandikia ili usiongeze: "Selvi, kebo niliichomoa mimi, nikaiweka kwenye ibada. Simu ililia, nayo ilikuwa kwenye ibada. Panya hayupo." Kisha nyamaza. Hapo ndipo kunyamaza kunapofaa. Akikasirika, mwache akasirike, haki hiyo ameinunua kwa siku nne za kukauka sauti. Akicheka, usicheke zaidi yake.

Panya wa sokoni mwache sokoni. Ukimwingiza mle ndani, wiki ijayo utaniandikia kuhusu nyoka.

Mwambie Bwana Chokalingam anunue kebo ya pili, ipite njia nyingine kabisa, nyuma ya kabati au juu ya dari, ili hao ndugu wawili wasikizane kwa masikio mawili, moja likiziba jingine libaki. Na ile mashine ndogo ya shahidi aliyoiomba binti, kaiombe wewe kwa mdomo uleule ulioikataa. Mwakani, siku ya Ayudha Puja, usiipeleke kebo kwenye picha. Ipeleke picha kwenye kebo. Ipake liwa hapohapo ilipochomekwa, iambie pole mara mia, na usiiguse tena. Simu yako vilevile, ipake manjano ikiwa mfukoni. Paka mfungulie mlango, akalale jikoni kwa Pechiammal, seva si kitanda.

Utachekwa, hilo sikufichi. Watakucheka hadi sikukuu ya mavuno, Pongal, na mkwe wako atakucheka hadi wajukuu wakue. Lakini nimeisoma barua yako, Mjomba, na katika visa vyako vyote hiki cha kebo kwenye jani la mgomba ndicho kitamu kuliko vingine, na ndicho pekee kisichohitaji kuongezewa kilomita. Mwaka hautaisha utakuwa unakisimulia mwenyewe, kwa majivuno.

Na jambo la mwisho. Mbele ya ofisi nzima ulisema mashine ya tatu haihitajiki, shahidi wewe unatosha. Haya. Ijumaa saa nne asubuhi Selvi atasimama mbele ya Bwana Chokalingam na karatasi yake, na hana shahidi.

Vaa shati safi. Nenda ukashuhudie.

Visalakshi